Ufunguo wa Akiba

Kibanda cha kuchonga funguo kiko pale kwenye kona, barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi, na mbele yake lipo benchi refu lenye miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Hapo ndipo kijiweni. Mwenye kibanda wanamwita Komeo, jina la kazi, na jina lake jingine watu wameshalisahau. Kushoto kwake hukaa Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku: alilinda geti la zahanati miaka kumi na moja, maradhi yote yakapita mbele ya macho yake, basi anadai anayajua. Kulia hukaa Betri, anayechaji simu za watu na kufufua zilizokufa. Zinazokataa kufufuka huzifungua akauza vipuri. Mama Kahawa ana jiko lake la mkaa, birika moja, vikombe tisa na ndoo ya kusuuzia, na haongei ila akiwa na neno. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, jua halijaanza ukali wake. Komeo alikuwa na kazi moja ya kufanya kabla ya saa sita na nusu, na kazi yenyewe hakuwa na kifaa chake.

— Nisikilizeni, akasema, akagonga meza kwa tupa. Leo sitaki mpira, sitaki siasa. Mjukuu wangu anatoka shule saa sita na nusu. Nataka kumweleza teja ni nini.

Betri alikuwa ameinua kikombe, kikasimama nusu ya safari.

— Teja? Mtoto wa miaka sita anataka teja wa nini?

— Kamuuliza mwalimu wake. Mwalimu kanisimamisha getini asubuhi, kaniambia, "Mzee, mtoto kauliza teja ni nini, na wenzake wameshaanza kumjibu. Mweleze wewe kabla mtaa haujamweleza."

— Si angekuuliza wewe babu yake! akasema Daktari. Mtoto analala kwako, anakula kwako, swali anapeleka kwa mwalimu?

Komeo aliupuliza unga wa chuma juu ya meza, ingawa meza ilikuwa safi.

— Hasemi na mimi. Leo siku ya nne.

Sasa, kijiwe kilikuwa kinajua nusu ya habari. Kilijua kwamba Alhamisi nyumba ya Komeo iliingiliwa mchana, ikaondoka redio, ikaondoka pasi, na vikaondoka viatu vipya vya shule vya yule mtoto, vyeusi, vya mkanda, alivyovivaa mara mbili tu. Na nani kavichukua, hilo halikuhitaji askari. Alikuwa ni mtoto wa Komeo mwenyewe, baba wa huyo binti, kijana aliyekaa humu humu kibandani miaka saba akichonga funguo pamoja na baba yake, fundi wa kufungua kitasa kwa waya mmoja huku anapiga mluzi. Unga ulimwanza polepole, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa hana kazi, hana uzito, hana aibu. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda kutafuta kazi mbali tangu mtoto hajaota meno. Kwa hiyo nyumbani walibaki babu na mjukuu, na mlango katikati yao na yule wa nje.

Nusu ambayo kijiwe hakikuijua ni hii aliyoiuliza Betri.

— Lakini mzee, mimi hiyo Alhamisi hainiingii akilini. Kitasa hakikuvunjwa. Dirisha zima. Na mikono ya kijana siku hizi, samahani, hata kijiti cha kiberiti hakiwashi. Aliingiaje?

— Kwa ufunguo wa akiba. Mtoto alimpa.

— Alimpa?

— Kwenye wigo wa shule. Kautoa kwenye msumari wangu wa nyuma ya mlango, kauweka kwenye mfuko wa madaftari, kampa baba yake. Kwa sababu mimi babu yake nilimwambia baba amepoteza ufunguo.

Juu ya kichwa cha Komeo kulikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: HATUCHONGI UFUNGUO BILA KUUONA MLANGO. Mtu akija na ufunguo, hata akija na suti, Komeo hufunga kibanda, humfuata mpaka kwake, akaujaribu mlangoni ndipo achonge wa pili. Wateja wamemkimbia kwa ajili hiyo. Amegombana na wenye nyumba, na wakubwa wa ofisi, na mchumba mmoja aliyetaka ufunguo wa chumba cha mwenzake. Mtu wa wazi, mtu wa ndiyo ni ndiyo. Na mtu huyohuyo, miezi minane nyuma, siku alipobadilisha kitasa cha nyumba yake ili mwanawe asiingie, mtoto alimtazama kwa chini akauliza, "Babu, mbona baba anabisha na hatumfungulii?" Ulimi ukateleza. Akasema, "Baba amepoteza ufunguo." Uongo mmoja, mfupi, wa maneno matatu.

Ila alisahau anamwambia nani. Binti yule kakulia chini ya meza ya funguo. Kwake yeye, kupoteza ufunguo ni tatizo dogo kuliko yote duniani: mtu anakuja, anakaa kwenye benchi, anakunywa kahawa, anaondoka na mpya unaong'aa. Alisubiri babu amchongee baba. Akasubiri miezi minane. Mwisho akaona babu kasahau, basi akamsaidia.

— Na ulipojua, ulimwambia nini? akauliza Mama Kahawa. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Komeo alitazama barabarani.

— Nilimfokea. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyemfungulia mwizi."

— Ah, mzee.

— Ndiyo. Mimi nina hasira, mnanijua. Limetoka, na likitoka halirudi. Sasa nipeni maneno mengine. Mna masaa mawili.

Daktari alijiweka sawa, akaweka kikombe chini, akatoa ile sauti yake ya zahanati.

— Kwanza mimi nashauri usimwambie. Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite.

— Nilishalifunika miezi minane! Mwanaharamu hakupita, kaingia ndani na ufunguo!

Komeo akajiuma ulimi papo hapo. Mwanaharamu huyo ni mwanawe wa ndoa, aliyezaliwa alfajiri ya mvua, akambeba yeye mwenyewe mpaka kwenye mizani ya wakunga. Akainamisha kichwa, akafuta midomo kwa kiganja.

— Haya, akasema kwa sauti ya chini. Kumficha basi. Tuendelee.

— Basi mweleze kitaalamu, akasema Daktari. Mwambie hivi: ndani ya kichwa cha kila mtu kuna mlinzi wa geti. Kitu kibaya kikija, mlinzi anasema simama, unakwenda wapi? Sasa huu unga unampa mlinzi kitu kidogo. Leo unampa, kesho unampa. Mlinzi anaanza kusinzia. Mwisho geti liko wazi, kila takataka inaingia.

— Nzuri hiyo, akasema Betri.

— Ngoja, akasema Komeo. Mimi sasa ndiye mtoto, na mtoto wangu namjua. Nauliza: "Kwa nini huyo mlinzi asifukuzwe, akaletwa mwingine?"

Daktari alikohoa. Yeye mwenyewe aliondoka zahanati kwa sababu ambayo haisimulii, ingawa mtaa mzima unajua alikutwa kalala na filimbi mdomoni.

— Hafukuzwi tu hivi hivi, akasema. Kuna utaratibu. Anaonywa kwa barua.

— Unaona? Mtoto kashakushinda, na hata hajafika.

— Muachie fundi wa mambo ya kisasa, akasema Betri. Mzee, mtoto anajua simu. Mwambie kichwa cha mtu ni betri. Ukikichaji kwa chaja yake, kula, kulala, kucheza, kinakaa na moto siku nzima. Sasa baba kachomeka chaja mbovu. Ile inajaza haraka, dakika mbili umeme pomoni. Lakini inapika betri. Betri inavimba. Ukirudisha chaja nzuri, inakataa. Haitaki chakula, haitaki usingizi, inataka ile mbovu tu.

Komeo aliigeuza tupa mkononi. Hii ilikuwa na kitu ndani yake. Halafu akawa mtoto tena.

— "Betri, wewe si unazo betri nyingi kwenye boksi? Mbadilishie baba."

— Kichwa hakibadilishwi betri, mjukuu wangu, akasema Betri kwa upole, kana kwamba mtoto yupo.

— "Na simu ikikataa kuwaka unaifanyaje?"

— Nai...

Betri akakwama hapo. Wote wanajua anazifanyaje. Anazifungua kwa bisibisi, anauza kioo peke yake, spika peke yake.

— Basi niache, akasema. Hiyo mbaya. Nitatafuta nyingine.

Mama Kahawa alimimina raundi ya pili bila kuuliza, kwa sababu hapo hakuna anayeulizwa. Lori la mchanga lilipita, wakafunika vikombe kwa viganja. Daktari alipokunywa nusu kikombe, macho yakamwaka, na kijiwe kikajua sasa anakuja na ile yenyewe.

— Mimi nitawaambia kitu nilichokisikia kwa masikio yangu pale getini, daktari mkubwa anamwambia daktari mdogo. Ni mnyoo.

— Mnyoo gani tena?

— Mnyoo. Mrefu kama kamba ya kiatu. Unakaa chini ya ini. Na una masikio.

— Mnyoo una masikio? akauliza Betri.

— Mawili! Mwenye unga akipita mtaa wa tatu, mnyoo unasikia, unajikunja, unamvuta mtu kwa ndani. Ndiyo maana unawaona wanatembea wameinama. Wahenga hawakukosea, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo mwenyeji amepona wapi?

— Ni methali, Betri. Methali haiulizwi amepona wapi.

— Daktari, akasema Komeo, na mishipa ya shingo ikaanza kuonekana, unataka nimwambie mtoto tumboni mwa baba yake kuna mdudu mwenye masikio? Mtoto ambaye juzi tu kashikana naye mikono kwenye wigo? Atakula tena huyo? Atalala? Atanijia usiku anifunue fulana asikilize kama na mimi ninao!

— Mimi nilikuwa nasaidia tu.

— Basi sumaku, akadakia Betri.

— Sumaku ya nini?

— Kwenye visigino. Huu unga wa siku hizi unachanganywa na vumbi la chuma. Unashuka na damu, unatua miguuni. Na ardhi nayo si ina sumaku? Basi inavuta. Mtu anataka kurudi kwake, miguu inageuka inampeleka kulekule. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na ndiyo maana mateja wote wanavua viatu, mzee, chunguza. Wanatafuta kupunguza mvuto.

— Wangu kavua viatu vya mtoto! akanguruma Komeo.

Betri alicheka kabla hajajizuia, Daktari akacheka kwa kumwona Betri, na Komeo mwenyewe akatoa kicheko kimoja kikavu kama kikohozi. Halafu kikakatika. Alikumbuka asubuhi ile, mtoto amekaa kizingitini anavaa kandambili za mwaka jana, kisigino kinaning'inia nje, hamwangalii babu, hanung'uniki, hata halii. Mtoto anayelia unajua pa kumshika.

— Mnajua kinachonila ni nini? akasema. Mimi nikikitazama kitasa, nakwambia kimechezewa au hakijachezewa. Mkwaruzo mdogo kama unywele, nauona. Yule kijana alisinzia pale kwenye jiriwa ya kubania funguo, tupa mkononi, mate yanamtoka, nikasema ni uchovu. Akaanza kuvaa mikono mirefu jua kali, nikasema ni ujana. Siku moja akaharibu funguo sita mfululizo, yeye ambaye hakuwahi kuharibu hata mmoja, nikamtukana mbele ya wateja. Nikamwita mkono wa mbao. Sikumuuliza hata mara moja, mwanangu, una nini? Nilimwona kila siku, na sikumtazama.

Hakuna aliyemwambia usijali. Kijiwe hiki kina kasoro zake, lakini mtu akisema kweli yake hawaipaki sukari.

Ndipo Mama Kahawa akainuka. Alivitwaa vikombe kimoja kimoja, hata cha Daktari kilichokuwa na kahawa, akavipanga kwenye ukingo wa ndoo. Birika akalisogeza nyuma ya jiko.

— Kahawa basi, akasema.

— Imekwisha?

— Haijaisha. Basi mpaka mtoto atoke shule.

— Mama, sasa hivi ni saa tano na robo! akasema Daktari.

— Najua. Saa moja na robo. Wanaume watatu wazima, mmoja babu wa mtu. Nani hawezi?

— Nani hawezi! akasema Betri. Mimi siku tatu naweza. Kahawa ni nini?

— Mimi ni starehe tu, akasema Daktari. Naacha nikitaka.

Walikaa. Dakika kumi za kwanza walizungumza juu ya wanaume wasio na msimamo. Dakika kumi zilizofuata Betri alianza kutikisa goti, na benchi lote likawa linatikisika pamoja naye.

— Acha kutikisa.

— Nani anatikisa?

— Wewe unatikisa, tofali litatoka.

— Tofali lenyewe uliliweka wewe, ndiyo maana.

Mteja alikuja na ufunguo wa kabati, Komeo akamjibu mkato mpaka mtu akaomba radhi kwa kosa asilolijua. Betri akasema kichwa kinamgonga, ila si kwa sababu hiyo, ni jua. Daktari akainuka, akasema anakwenda kulitazama lile jiko kama mkaa unatosha, akaambiwa mkaa unatosha, akasema basi anajinyoosha mgongo. Akajinyoosha mara moja, akajinyoosha mara ya pili, kila mara karibu zaidi na ndoo. Wakati lori jingine la mchanga linapita na kila mtu amefumba macho, mkono wake ukaenda.

Vumbi lilipotua, Daktari alikuwa kashika kikombe cha Betri, si chake, na midomo ina machicha meusi.

— Daktari, akasema Mama Kahawa. Hayo ni machicha. Baridi. Na kikombe si chako.

— Mimi... Daktari akakitazama kikombe kama kitu alichokiokota njiani. Wallahi sikukusudia. Mkono tu.

— Mkono wa nani?

— Wangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshakataa, mama. Nilikuwa nimekaa hapa nimekataa kabisa. Mkono ukatangulia.

Betri alikuwa tayari kucheka, ila alimwona Komeo. Komeo alikuwa ameacha tupa, anautazama mkono ule wa Daktari, mkono wa mzee mwenye kucha pana.

— Umesema mkono ukatangulia, akasema Komeo.

— Utani, mzee. Kahawa tu hii.

— Nasikia. Kahawa haijawahi kumvua mtu viatu. Mama, unga si kahawa. Kahawa ukinyimwa unanuna. Yule wangu, siku nilipomfungia ndani wiki nzima ili auache, alikuwa anapiga ukuta kwa kichwa, anaharisha, ananiita baba, baba, kama mtoto anayezama. Siku ya sita nikafungua kwa huruma. Akatoka mbio, hata shati hana. Usinilinganishie.

— Sijasema ni sawa, akasema Mama Kahawa. Aliketi kwenye kigoda chake, akakunja khanga magotini. Mume wangu alikuwa wa chupa. Watoto wangu hakuna aliyewaambia kitu. Mkubwa alikuja kuniambia miaka ishirini baadaye kwamba alidhani baba anakunywa kwa sababu yeye alikojoa kitandani. Miaka ishirini, mzee. Sisemi ni sawa. Nasema mkono ule mtoto anaweza kuuona.

Akarudisha birika mbele, akawamiminia. Hakuna aliyemshukuru na hakuna aliyekunywa upesi.

Saa sita na nusu kengele ya shule ililia ng'ambo ya barabara. Watoto walitoka kwa kundi, na nyuma ya kundi alitoka mmoja peke yake, mfuko mgongoni, kandambili zinapiga visigino. Alivushwa barabara na watoto wa jirani, akaja mpaka kwenye benchi, akasema, "Shikamooni," kwa wote kwa pamoja, ili babu apate shikamoo yake bila kupewa.

— Marahaba, wakaitika.

Daktari na Betri walisogea mpaka mwisho wa benchi. Komeo alitoka nyuma ya meza. Hakukaa benchini, alichuchumaa chini, vumbini, magoti yakalia, mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya mtoto.

— Bibi mdogo, akasema, sikiliza. Babu alisema uongo.

Mtoto alitazama vidole vyake vya miguu.

— Baba hakupoteza ufunguo. Ni mimi niliyebadilisha kitasa ili asiingie. Na wewe hukumfungulia mwizi. Lile neno lilikuwa baya na halikuwa lako, lilikuwa langu. Wewe ulimpa baba yako ufunguo kwa sababu babu alikudanganya. Umesikia?

Kandambili moja ilichora mstari vumbini.

— Umemuuliza mwalimu teja ni nini. Teja ni jina la kutukana, nyumbani kwetu hatutalitumia. Baba anaumwa. Kuna kitu alikionja, akakirudia, akakirudia, mpaka mwili wake ukasahau kukaa bila hicho kitu. Sasa mwili unamwambia, usipokipata utakufa. Si kweli, lakini yeye anasikia ni kweli. Hapo anaahidi, anasema sitaki tena, na anaposema anamaanisha. Halafu mkono unatangulia. Yeye anabaki nyuma anaukimbilia.

— Kama mimi leo, akasema Daktari kwa sauti ndogo. Niliiba kahawa ya Betri na nilikuwa nimesema siibi.

Mtoto alimtazama Daktari, akaona machicha kwenye ndevu zake. Akafikiri.

— Si wewe uliyemwumiza, akaendelea Komeo. Si kwa kitu ulichosema wala ulichofanya. Na si wewe utakayemponya. Mimi pia nimejaribu, sikuweza. Wapo watu wa kazi hiyo, na baba atakwenda kwao siku atakayokubali. Anakupenda. Hilo halikuibwa.

Alidhani amemaliza. Alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyebeba mlango.

Ndipo mtoto akafungua kinywa, siku ya nne, sauti ina mikwaruzo ya kukaa bila kutumika mbele ya babu.

— Kwa hiyo aliyechukua viatu vyangu ni ugonjwa?

— Mikono ni ya baba. Aliyeituma ni ugonjwa.

— Na aliyenishika mkono kwenye wigo?

— Yule ni baba.

Mtoto akalipima hilo. Kijiwe kizima kiliona anavyolipima, midomo imebanwa, jinsi babu yake anavyobana midomo akitazama ufunguo wa mtu mgeni.

— Babu. Akija tena akabisha hodi, utajuaje kama ni baba au ni ugonjwa?

Daktari, mtu mwenye jibu la kila kitu tangu alipofukuzwa getini, akajifuta machicha kwenye ndevu. Betri aliokota simu iliyokufa, akaibonyeza kitufe, akaibonyeza tena. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Komeo, likatoka tone moja na machicha.

Komeo alisikiliza hodi ile kichwani mwake. Anaijua. Mapigo matatu kwa kifundo cha kidole, na la nne kwa kiganja, tangu kijana akiwa darasa la kwanza. Miezi minane sasa ameisikia akiwa amekaa ndani na taa imezimwa, na kila mara ilikuwa ileile, haikubadilika hata kidogo, ya baba na ya ugonjwa.

— Sijui, akasema.

Kwenye benchi lile hakuna aliyekumbuka kulisikia neno hilo likisemwa.

— Ukijua utaniambia?

— Siku hiyohiyo.

— Usiseme amepoteza ufunguo.

— Sitasema.

Mtoto alitikisa kichwa, akaridhika, au akachoka.

— Nina njaa, akasema.

Komeo alisimama kwa kushikilia benchi. Juu ya rafu, kwenye boksi lake, kilikuwepo kitasa kipya cha nyumbani. Alikuwa amekileta Alhamisi ileile jioni, na Ijumaa hakukifunga, Jumamosi hakukifunga, jana hakukifunga. Ufunguo wa akiba bado ulikuwa huko uliko, mfukoni mwa yule wa nje, na kila fundi anayejua kazi angemwambia afunge leo. Alikitazama. Akakitoa kwenye boksi, akakitia kwenye mfuko wa suruali pamoja na bisibisi, hakusema kama atakifunga wala kama hatakifunga.

Akafunga kibanda, akavuta kufuli mara mbili kama kawaida yake. Mtoto akampa mfuko wa madaftari aubebe. Wakashika njia ya vumbi, kandambili zikipiga visigino, na kitasa kikimgonga Komeo pajani kila hatua, taratibu, kama mtu anayebisha na hana haraka.